Trei ya Mwisho

Kila Jumamosi, nikishamaliza kuosha vyombo, nilivuka ua hadi karakana ya shangazi. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, feni inayolalamika na rundo la kompyuta mpakato zilizokufa. Shangazi alizipasua, akatoa betri ndogo zilizomo ndani. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima, ndiyo maana tuliziita vidole. Vidole vizima viliunganishwa mamia kwa mamia mpaka vikawa betri moja kubwa, yenye uwezo wa kuendesha bajaji bila tone la petroli.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Shangazi alikuwa na utaratibu wake, na ole wake aliyeuvunja. Kidole kilichajiwa mpaka kikajaa, kikapimwa volti kwa mita, na namba ikaandikwa ubavuni kwa kalamu nyeusi. Kisha kililazwa kwenye trei siku saba bila kuguswa. Siku ya nane nilikipima tena na kuandika namba ya pili chini ya ile ya kwanza. Namba ikiwa imeshuka sana, kidole hicho kilikuwa kinavuja umeme kimyakimya, nacho kilikwenda kwenye ndoo nyekundu.

Jumamosi moja tulikuwa na vidole zaidi ya mia nne vya kupima mara ya pili. Vilikuwa vya Mzee Taratibu, dereva wa bajaji mtaani kwetu. Alipewa jina hilo kwa sababu hata kuku walimpita barabarani. Injini yake ilikuwa imekufa, na badala ya kununua nyingine aliamua kuweka mota ya umeme. Madereva wenzake walimcheka mpaka mbavu ziwaume.

"Mzee, utaichaji kama simu?" walimuuliza.

"Na nyinyi mtanipigia," alijibu.

Nilipima tangu asubuhi. Ilipobaki trei ya mwisho, yenye vidole sitini, rafiki zangu walichungulia dirishani. Mechi ya mpira wa pete ilikuwa inaanza na mfungaji ni mimi. Nilitazama trei, nikatazama dirisha. Shangazi alikuwa ametoka. Nikashika kalamu, nikasoma namba ya kwanza ya kila kidole, nikaipunguza kidogo tu na kuiandika chini yake. Pale palipoandikwa 4.18 niliweka 4.16. Penye 4.17 niliweka 4.15. Dakika kumi, kazi kwisha. Mita yenyewe sikuigusa.

Tulishinda ile mechi. Nilifunga mabao saba na nikarudi nyumbani nikiimba.

Wiki hiyo Dada Miwani, binti mkubwa wa shangazi, alivichomelea vidole vyote. Alikuwa na miwani minene na mkono usiotetemeka. Betri ikafungwa chini ya kiti cha bajaji, nayo ikaondoka kimya kabisa. Mzee Taratibu alizunguka mtaa mara tatu akiwapungia mkono waliomcheka. Nilipiga makofi kama wengine, lakini macho yangu hayakutoka chini ya kile kiti.

Jumatatu iliyofuata, nikitoka shule, niliikuta bajaji imerudi uani. Ilikuwa imezimika katikati ya mlima wa zahanati. Ndani yake alikuwemo bibi mmoja mwenye kidonda mguuni, aliyekuwa anakwenda kubadilishiwa bandeji. Ilimbidi atembee hadi juu akiegemea fimbo, huku Mzee Taratibu akiisukuma bajaji kuirudisha, na wale madereva wakimpigia honi.

"Labda mimi ndiye sijui kuitumia," mzee alisema kwa unyonge. "Nilichaji usiku kucha, mama. Labda nilibonyeza kitu."

"Hujakosea, mzee. Hapa ni sisi," shangazi alijibu. Alifungua boksi la betri, akalikagua, kisha akamgeukia binti yake. "Vidole vimepimwa vyote, namba hizi hapa naziona. Umechomeleaje wewe?"

"Nimechomelea kama siku zote, mama."

"Kama siku zote, bajaji ingekuwa mlimani? Kuanzia leo mashine ya kuchomelea usiiguse. Utarudi kupasua kompyuta mpaka akili ikutulie."

Dada Miwani alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la gauni, ingawa haikuwa na vumbi. Mimi nilisimama mlangoni na begi langu mgongoni. Nilijua. Pale uani ni mimi peke yangu niliyejua.

Jioni ile nilikichezea tu chakula kwenye sahani. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Dada Miwani alinisogezea kipande chake cha nyama, akidhani naumwa. "Kula, mdogo wangu, umepauka," aliniambia. Nikaila, nikajiona mchafu. Nilijiambia kwamba huenda kweli alichomelea vibaya. Halafu nikaona aibu kwa kujidanganya, maana nilikuwa nimeshamdanganya kila mtu mwingine.

Asubuhi, kabla ya kuvaa sare, nilikwenda karakana. Shangazi alikuwa anafagia.

"Shangazi, si Dada. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Trei ya mwisho sikuipima. Namba nilizitunga. Nilitaka kwenda kwenye mechi."

Fagio lilisimama. Nilingoja anigombeze, lakini aliliegemeza ukutani na kuvuta kiti.

"Sitini?"

"Sitini."

"Kamwite dada yako, kisha ukae hapa."

Nilimwita, nikamwambia yote mbele ya mama yake, huku nikilia mpaka kamasi zikanitoka. Dada Miwani aliweka mikono kiunoni. "Na nyama yangu ukala," alisema. Shangazi alitaka kucheka, akajizuia.

Tuliibomoa betri siku tatu mfululizo, kila nikitoka shule, tukavitambua vile vidole sitini kwa namba zao zilizoshuka zote sawasawa, tukavichaji na kuvilaza tena siku saba. Siku ya nane niliwapimia wakiwa wamesimama nyuma yangu. Vitano vilikuwa vinavuja. Kimoja, nilichokiandikia 4.15 kwa mwandiko wangu mzuri, kilisoma 2.9. Shangazi alinikabidhi hicho mkononi.

"Kiweke," alisema. "Vitano vibovu vimewanyonya wenzao wote waliokaa nao, vikasimamisha bajaji nzima. Mimi sikuangalia mita, niliangalia mwandiko wako, kwa sababu nakuamini. Nikamwadhibu mtoto wangu bure, na hilo ni kosa langu, nimeshamwomba radhi. Lakini mwanangu, ukiandika namba, kuna mtu ataipandia mlima. Ukichoka, niambie umechoka. Mechi ningekuruhusu."

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyonichoma. Sikuwa nimemwomba.

Dada Miwani aliichomelea betri upya, na vidole vizima mahali pa vile vitano. Mzee Taratibu alipokuja kuchukua bajaji, nilimweleza mwenyewe, maana shangazi alikataa kunisemea. Mzee alikuna kidevu.

"Na safari hii kapima nani?"

"Mimi."

"Vyote?"

"Vyote, babu. Mara mbili."

"Basi panda. Nikikwama leo, tunasukuma wote."

Nikapanda. Njiani tulimchukua yule bibi wa kidonda, akakaa karibu yangu, fimbo katikati ya magoti. Mlima ulipoanza, nilishika chuma cha kiti mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

"Hiki kitafika kweli?" bibi aliuliza. "Siku ile kilinitembeza."

"Bibi," nilisema, "aliyekutembeza ni mimi." Nikamweleza kwa kifupi, macho yangu yakiwa miguuni kwangu.

Bibi aliishika fimbo yake kwa mikono miwili. Bajaji ilipanda polepole, bila moshi wala kelele, mpaka ikasimama mbele ya geti la zahanati.

"Kumbe ni wewe," alisema hatimaye, akaninyooshea mkono wake mkavu. "Haya, nishushe. Na leo utanisubiri mpaka nimalize."

Nilimsubiri.