Baba Aliachia Kamba

Baba yangu mzazi aliachia kamba nikiwa chini ya mashine…

Ndugu zangu, nisomeni taratibu. Kuongea mbele za watu siwezi, na shule niliiacha njiani, lakini hili siwezi kulibeba peke yangu.

Kazi yetu ilikuwa kushusha mashine nzito kwenye majengo yanayojengwa. Huko hakuna jukwaa la kushushia. Lori linarudi nyuma mpaka kwenye tope, tunaegemeza mbao, mashine inateremka ikiwa imefungwa kamba mbili. Ya kulia alishika baba. Ya kushoto baba mdogo. Mimi chini, naweka mawe isije kwa kasi.

Sheria ya baba ilikuwa moja: mwenye kamba haachii, hata mikono ichunike ngozi.

Siku hiyo tulishusha mashine ya kuchanganyia zege. Ubao wa upande wangu ukalia… ukavunjika. Nikateleza, nikaanguka.

Nikamwona baba akifungua mikono.

Mashine ikazunguka, ikanipita, ikamwangukia baba mdogo mguuni.

Mguu ukakatwa. Baba akafukuzwa kazi. Mtaani wakamwita Mikono Sabuni. Akienda dukani wanamuuliza kama kibiriti atafika nacho nyumbani.

Hata mimi nilimuuliza kwa nini aliachia, jikoni, akiwa amenipa mgongo.

"Mikono ilichoka, mwanangu."

Basi. Hakuongeza neno mpaka tulipomzika juzi.

Watu walipotawanyika nikampelekea baba mdogo maji. Nikamwomba amsamehe kaka yake.

Akalaza magongo yake chini, akaniangalia sana.

"Nimsamehe nini? Mashine ilikuwa inakuja kichwani kwako. Ikiachiwa kamba moja, inageukia upande wa kamba iliyobaki. Alijua. Ndiyo maana alinitazama mimi kwanza."

"Ukafanya nini, baba mdogo?"

"Nikamwitikia kwa kichwa. Kisha nikashika yangu mpaka mwisho. Ningeachia na mimi, ingekufuata."

Nikaketi chini, kando ya magongo yake…

Akasema baba ndiye aliyemwapisha anyamaze. Hakutaka niishi nikiutazama ule mguu na kujiona mimi ndiye niliyeukata. Afadhali watu wamcheke yeye. Sasa amelala, kiapo kimekwisha.

Ndugu zangu, anayenyamaza akitukanwa si lazima awe na hatia. Pengine yeye ndiye anayemkinga mtu mwingine.

Na mkimsikia mtu anamcheka Mikono Sabuni, mwambieni binti yake yuko hai.