Tawi la Kuziba Njia

Mwaka 1955 rafiki yangu Tupokigwe alitembea kwa miguu kutoka Mbeya hadi Iringa kuwahi nafasi yake ya kusomea ualimu. Baba yake mdogo ambaye angefikia kwake, shemasi wa Ipogolo hapo Iringa anayesifiwa kwa ukarimu, hakumtumia hata nauli ya lori. Ukarimu gani huo, jamani? Waliomlisha na kumlaza njiani ni watu wasiomjua kabisa.

Siku ya mwisho ukungu ulitanda. Bibi mmoja asiyemfahamu akampa kiazi cha kuchoma, akacheka. "Viatu vya shule havijui milima, mjukuu wangu. Natangulia. Kila njia ya kupotea nitaiziba kwa tawi."

Hakumwona tena. Alisikia tu fimbo ikigonga mawe huko mbele, na kila njia panda, mlio wa tawi likivunjwa. Alifuata njia zisizozibwa mpaka Ipogolo, giza likiingia.

Baba mdogo aliondoa komeo, akafungua mlango. "Karibu, binti yangu! Ualimu wa nini tena? Mchumba wako yumo ndani anakungoja."

Tupokigwe akatazama chini. Upande wa ndani wa kizingiti lilikuwa limelazwa tawi bichi, na utomvu wake ulikuwa bado unadondoka.