Kibao cha Jumanne

Ndani ya jengo la maduka lenye kelele za kutoboa masikio, Fundi Simu alibandika karatasi juu ya meza yake: HAPA HAKIPOTEI KITU.

"Hata skrubu," alikuwa akijigamba. "Muulize Mama Kava."

Mama Kava, muuza makava ya simu wa meza ya pili, huguna tu.

Jumamosi moja akatokea Mwalimu, gauni la kijani, vidole vimejaa wino, kioo cha simu nyang'anyang'a. Fundi alipoiwasha akakutana na picha ya askari waliojipanga ngao kwa ngao.

"Hawa shemeji zangu?"

"Warumi. Najifunza Kilatini kwa vita vyao."

"Kwa hiyo ukinitukana sitajua."

"Jifunze."

Akajifunza. Kila jioni, Mwalimu akitoka kufundisha historia, alileta kadi zake, Fundi akamsikiliza bisibisi mkononi. Castra, kambi. Fossa, handaki. Mwalimu aliwania nafasi moja tu ya kusoma ng'ambo, na Kilatini kingeulizwa kwenye usaili. Miaka minne. Hilo ndilo neno Fundi alilolishika kuliko yote.

"Tessera?" Mwalimu akamuuliza jioni moja.

"Kibao chenye neno la siri la zamu. Kinapita kikosi hadi kikosi, kinarudi kwa mkuu kabla ya giza."

"Kisiporudi?"

"Mkuu anajua kimekwama kwa nani. Huyo amekwisha."

"Safi, askari wangu."

Fundi akasahau alikuwa anafungua simu ya nani.

Wiki ya usaili, betri ya Mwalimu ikavimba, akaiacha simu hapo mezani. Jumanne mchana ikaita. Fundi akapokea.

"Usaili? Si Ijumaa tena? Kesho saa tatu... Sawa, nitamfikishia."

Akakata. Akaitazama ile namba kwa muda, kisha akaifuta.

Jioni Mwalimu akaja kuichukua. "Kuna aliyepiga?"

"Nani akupigie zaidi yangu, mpenzi?"

Ijumaa Mwalimu alikuta nafasi imeshapata mtu. Wiki mbili hakuonekana, wala simu za Fundi hakupokea. Siku aliyorudi alivaa gauni lilelile, na sasa lilimpwaya. Akaweka kadi mezani, zimefungwa kwa mpira.

"Eti walinipigia. Waongo wakubwa. Zichukue, sizitaki tena."

Fundi akafungua droo ya skrubu, akatoa pete. "Basi baki na mimi. Nataka nikuoe."

Mwalimu akalia, akacheka, akanyoosha kidole.

"Hongereni, wanangu," Mama Kava akasema, machozi yakimlengalenga. "Na wale wa usaili waliokupigia Jumanne, usiwajutie, mwanangu. Mwenzio alivyowajibu kwa adabu, 'nitamfikishia', nikajua huyu ni mume."

Kidole kikarudi taratibu. Mwalimu akaisoma ile karatasi juu ya meza, neno kwa neno, kama anayesahihisha mtihani. Kisha akamnyooshea Fundi kiganja kitupu.

"Tessera," akasema.

Fundi akapapasa mifuko yote miwili.