Fundi na Flashi Tatu

Kabla hakujapambazuka, feni ya kompyuta ilianza kupiga mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka chumba cha pili. Mshonaji alikuwa ameiwasha makusudi mapema, akaenda kunawa uso, akavaa gauni lake la kazi, lile la kijani lenye mifuko miwili ya pini. Aliporudi, kiduara kwenye kioo kilikuwa bado kinazunguka.

"Imeamka?" bibi yake aliuliza kutoka jikoni.

"Bado, bibi. Inajinyoosha."

"Basi ni mzee mwenzangu. Usiifokee."

Mshonaji alicheka, lakini moyo haukuwa umetulia. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na vipimo vya wateja wake wote, na picha za daftari la marehemu mama yake, lililojaa michoro ya magauni kwa penseli. Daftari lenyewe lililowa maji bomba lilipopasuka, likaoza. Zilibaki picha tu. Na kulikuwa na bibi harusi wa siku kumi zijazo aliyetaka gauni kutoka kwenye ukurasa mmoja wa daftari hilo, na si jingine.

Saa nne alikuwa kwenye jengo la maduka ya kompyuta, ameikumbatia mashine yake kama mtoto mgonjwa. Watu walipanda na kushuka ngazi wakisukumana. Mwanamume mrefu mwenye shati jeupe alisimama kumpisha, na jicho la mshonaji likaenda moja kwa moja kifuani pake.

"Kaka, kifungo chako kinaaga."

Mwanamume akajitazama. "Kimekuwa kikiaga tangu wiki iliyopita. Sina wa kukibembeleza."

"Simama hapo. Usipumue." Sindano ilikuwa tayari mkononi.

"Nisipopumua nitaanguka, dada."

"Ukipumua nitakuchoma."

Alikishona palepale pembeni ya ngazi, akakata uzi kwa meno. Mwanamume alikigusa kifungo kama aliyepewa kitu asichokizoea. Kumbe alikuwa fundi kompyuta, na duka lake lilikuwa kwenye jengo lile lile.

Dukani aliifungua mashine, akaipulizia vumbi taratibu, akatikisa kichwa. "Mashine ni nzima. Huu mfumo ndio umekuwa mzito kuliko nguvu zake. Nikuwekee Linux. Ni bure, na inaweza kuwa nyepesi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama huu ulionao. Ila iko ya aina nyingi, kila kundi la mafundi limetengeneza ya kwake."

"Kitambaa kimoja, mishono mingi."

"Hasa!" Akamtazama kwa furaha. "Wewe umenielewa upesi kuliko wateja wangu wote."

"Basi nichagulie utakaonifaa. Nakuamini."

Fundi alikesha na neno hilo kichwani. Alinakili mafaili yote kwanza, moja baada ya jingine, kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Kisha akamwekea mfumo anaoutumia yeye mwenyewe, ule anaoupenda kuliko yote. Hakujiuliza kama mwenzake angeuweza.

Kesho yake fundi alimtumia kompyuta pamoja na karatasi ya amri, maneno ya kuiandikia ili ifungue mafaili. Mshonaji alipoiwasha, ikawaka kabla hajakaa vizuri. Feni ilikuwa kimya. Lakini mbele yake palikuwa na kioo cheusi na maandishi meupe. Hakuna picha, hakuna mahali pa kubonyeza. Akapiga simu.

"Fundi wangu, habari za asubuhi."

"Nzuri, mwenye sindano. Inakimbia, eh?"

"Inakimbia, lakini sijui imekimbilia wapi. Picha za mama ziko wapi?"

"Zipo. Andika ile amri niliyokuandikia kwenye karatasi."

"Nimeandika. Inasema haiijui."

"Uliacha nafasi kabla ya kistari?"

"Kistari kipi?"

Fundi akacheka. Alicheka kwa mapenzi, maana sauti yake ilimfurahisha, lakini simu haikufikisha hilo. Ilifikisha kicheko tu, na nyuma yake vicheko vya watu dukani waliokuwa na mambo yao.

"Unanicheka," alisema mshonaji polepole. "Nimekupa kitu pekee kilichobaki cha mama yangu, umekifungia mahali unapopajua wewe tu. Ulitaka niwe narudi kila siku kukuomba unifungulie?"

Akakata. Fundi alipiga mara nane bila kupokelewa. Mara ya tisa ilipokelewa.

"Mjukuu wangu anashona," sauti ya kizee ilisema. "Wewe ndiye uliyemliza?"

"Shikamoo, bibi. Ndiye mimi."

"Marahaba. Basi njoo mwenyewe. Usiitume simu."

Alifika jioni ile ile, amevaa shati lile jeupe, kifungo kimeshika imara. Alimkuta mshonaji amemsimamisha mteja katikati ya chumba, gauni limebanwa kwa pini tupu. Mteja aliinua mikono, akakaa, akainama.

"Kwapani kunabana," alisema mteja. Pini tatu zikachomolewa, zikahamishwa. Hakuna uzi uliokuwa umepita bado.

Fundi alitazama hadi mwisho. Mteja alipoondoka, akasema, "Nilikushonea bila kukupima. Nilikupa nguo yangu."

Mshonaji aliendelea kuokota pini.

"Na yale uliyosema ni kweli, kidogo. Niliwaza, nikikupa ulio rahisi, hutarudi tena." Akatoa flashi tatu mfukoni, kila moja na mfumo wake. "Leo tunapima kwanza. Unaweza kuwasha mfumo kutoka kwenye flashi, ukaujaribu, bila kugusa kilichomo ndani. Usipokukaa, tunauchomoa."

"Kama pini."

"Kama pini."

Wa kwanza ulikuwa na sura nzuri, lakini feni ikaanza kulia. Ukachomolewa. Wa pili ulikuwa mwepesi, ila herufi zake ndogo kama mchele. Wa tatu fundi aliuita Mint. Kwenye kona ya chini palikuwa na kitufe kimoja, ukikibonyeza kila kitu kinajipanga kwa jina lake. Fundi akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Sigusi. Na hakuna kuandika amri."

"Bibi, njoo ujaribu wewe," alisema mshonaji. "Ukiweza wewe, mimi nitashindwaje?"

Bibi akavaa miwani, akashika kipanya kwa mikono miwili. Fundi akamsogezea kiti bila kuambiwa. Kizee akabonyeza penye picha ya folda, akabonyeza tena, na kioo kikajaa gauni la penseli, lile alilolitaka bibi harusi, lenye maandishi yaliyolalia kushoto.

"Huu ni mkono wa mwanangu," alisema bibi, akagusa kioo. "Sikuwahi kuziona hizi. Nilikuwa naogopa kuomba nifunguliwe."

Mshonaji alimfuta bibi yake machozi kwa kipande cha kitambaa, kisha akageuka akajifuta yake. "Huu ndio unaotukaa," alimwambia fundi. "Tuwekee huu."

Alipomaliza, fundi alikusanya flashi zake na kusimama mlangoni. "Sasa hautakusumbua. Hutanihitaji tena."

Mshonaji alimwekea kola sawa, ingawa ilikuwa imenyooka.

"Kompyuta haikuhitaji, mpenzi," alisema. "Kesho njoo tena, bila flashi."