Kosa Haliko Mstari wa Mwisho

Muuguzi alirudi kutoka zahanati, akavua viatu, akakaa mbele ya kompyuta hata maji hajanywa. Alikuwa anaandika programu ya kukumbusha dawa zinazokaribia kuisha muda wake. Mwezi uliopita mgonjwa nusura apewe dawa iliyoharibika. Jambo hilo lilimnyima raha. Kesho asubuhi angemwonyesha mganga mkuu programu yake.

Akabonyeza kitufe cha kuiendesha. Maandishi mekundu yakatokea: "Kosa liko mstari wa mwisho. Ufute."

Akaufuta. Akabonyeza tena.

"Kosa liko mstari wa mwisho. Ufute."

Muuguzi ni mtu wa maagizo. Akiandikiwa kidonge kimoja, hatoi viwili. Basi akafuta, akafuta, mpaka programu ikabaki kama kuku aliyenyonyolewa.

"Mama watoto, unaandika au unafuta?" mumewe akamtania.

"Mashine haidanganyi. Mjinga ni mimi." Machozi yakamlengalenga. "Kesho nitasema nimeshindwa."

"Thubutu! Ngoja nimwite jirani."

Jirani yao, waliyemwita Bi Miwani, alikuwa mmoja wa watengenezaji wa kitafsiri, yaani chombo kinachosoma programu na kuifanya ieleweke na kompyuta. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Shoga, una nakala ya kabla hujaanza kufuta? Ifungue." Akaisoma kimya. "Haya, tazama mstari wa tatu. Umefungua mabano, hukuyafunga. Kitafsiri kinasoma toka juu kwenda chini, kikingoja yafungwe. Kikifika mwisho bila kuyaona, kinalaumu pale kiliposimama."

"Kumbe! Mwizi kapitia mlangoni, anakamatwa aliyeko uani," mume akasema.

"Ndiyo hivyo. Ukiambiwa kuna kosa, angalia na mistari ya juu. Na usifute kitu kabla hujaelewa."

Sasa Muuguzi akapandwa na hasira. "Mimi nikimpa mgonjwa maelezo ya namna hiyo, nafukuzwa kazi! Kwa nini kiniambie nifute?"

"Lawama hiyo ndiyo tunayoitaka," Bi Miwani akacheka. "Maneno hayo yaliandikwa na watu, na tunaweza kuyarekebisha. Ila wengi hunyamaza, wakidhani wajinga ni wao. Nipe hiyo mistari michache inayoleta kosa, nikawaonyeshe wenzangu. Na wewe, ungependa kiseme nini?"

Muuguzi akafikiri kama aliyesimama kando ya kitanda cha mgonjwa. "Kingesema: 'Umefungua mabano mstari wa tatu. Hujayafunga.' Basi."

Akayafunga. Programu ikaenda. Kesho yake, mbele ya mganga mkuu, ikataja dawa ambazo muda wake ulikuwa unakwisha wiki hiyohiyo. Muuguzi akaziondoa rafuni kwa mikono yake, akitabasamu.

Baada ya muda, toleo jipya la kitafsiri likatoka. Mume, kwa utundu wake, akatengeneza nakala ya programu, akaondoa yale mabano ya kufungia, akabonyeza.

"Umefungua mabano mstari wa tatu. Hujayafunga."

Akakodoa macho. "Mke wangu! Haya si maneno yako?"

"Ni yangu," Muuguzi akajibu, akivaa viatu vya kazi. "Basi yafunge, baba watoto. Umeshaambiwa."