Kofia Kwenye Uzio wa Asahel

Keziah Plumb alioka pai kumi na nne za maboga asubuhi ya kuinua ghala jipya, huku akikumbuka zamani. Ghala lao la kwanza lilipojengwa, wanaume arobaini wa kijiji walikuja kuinua mbao. Walikunywa maji ya tufaha kwenye mtungi mmoja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ni wa chama gani. Enzi hizo watu walikuwa watu!

Radi ilichoma ghala hilo. Sasa nyasi za ng'ombe zililala nje, na theluji ilikuwa njiani. Lakini uchaguzi ulikuwa karibu, na Asahel, mumewe, aliwaalika kazini watu wa chama chake tu, wale wenye utepe wa rangi tatu kofiani. Wapinzani wao, wenye utepe mweusi, hakuwataka, hata Lemuel, kaka yake Keziah. Wakaja watu kumi na tisa. Fremu nzito ya mbao ilifika mabegani, ikagoma.

"Shusheni polepole, mtauana!" alifoka fundi Jotham. "Asahel, wengine wako wapi?"

"Wale vibaraka wa mfalme tuliyemfukuza? Siwapigii magoti."

"Na wao wanakuitaje?"

"Mhuni asiyetaka sheria."

Jotham akacheka. "Sikiliza, bwana. Wewe unaogopa serikali yenye nguvu itakunyang'anya uhuru. Lemuel anaogopa kwamba serikali ikiwa dhaifu, wenye mabavu watamnyang'anya yeye. Nyote mnalilia uhuru. Bishaneni kwenye kura. Hapa kidole kimoja hakivunji chawa."

Keziah hakungoja jibu la mumewe. Alivua aproni, akaenda kwa kaka yake.

"Lemuel, ng'ombe wangu watakufa njaa."

"Dada, mumeo aliniita kibaraka mbele ya kanisa!"

"Nawe ulimwita mhuni. Ngoma droo. Twende!"

Lemuel alikuja na wenzake ishirini na wawili. Jotham akaamuru kila mtu, wa upande wowote, atundike kofia yake kwenye uzio. Bila zile tepe, wote walikuwa majirani tu.

"Haya, pamoja!"

Fremu ikasimama. Keziah alilia kwa furaha.

Kura zilipohesabiwa, chama cha Asahel kilishinda. Lemuel alinuna wiki nzima. Kisha theluji ikabomoa paa la zizi lake. Akaja na ng'ombe wake sita, akasimama mlangoni mwa ghala.

"Shemeji, hawa ni wa chama changu," alisema.

"Waingize," alijibu Asahel. "Nyasi zipo za kuwatosha wote."