Shemeji Alizunguka Mpaka Wangu na Simu

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na mitatu, naishi Nkoaranga na wanangu watatu. Nina shamba la kahawa na migomba... au niseme nilikuwa nalo? Jamani, hata sijui!

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa amelazwa, hali mbaya, nami sibanduki kitandani kwake. Ndipo chama chetu cha kahawa kikatangaza kwamba Ulaya wana sheria mpya. Hawanunui kahawa mpaka shamba lake lionekane kwenye ramani, wajue msitu haukukatwa. Kila mkulima azunguke mpaka wake na vijana wa chama wenye simu za kuchora ramani.

Mgonjwa nimwachie nani? Elisante, mdogo wake mume wangu, akaniambia, "Shemeji, wewe kaa na kaka. Hao vijana nitawazungusha mimi."

Nikamshukuru hadi machozi. Mjinga mimi!

Baba Neema alifariki wiki ileile. Tukamzika shambani, katikati ya mibuni yake.

Msimu ulipofika nikachuma, nikamenya, nikaanika, nikapeleka chamani. Karani akatazama ramani, akanitazama kwa huruma. "Mama Neema, hapa huna shamba. Lote linasomeka la Elisante, mpaka mtoni."

Nikajitwisha kahawa yangu, nikarudi nayo nyumbani.

Ukoo ukakaa. Elisante akaja na jani la isale, mmea uleule tunaopanda mipakani, akalia kama mtoto. Kwetu Wameru anayekuja na isale kuomba msamaha hafukuzwi, hata akikuumiza vipi. Nikalipokea huku moyo unawaka. Nikadhani yameisha... Wapi! Chamani wakasema ramani imeshakwenda Ulaya, na kuibadilisha lazima yeye mwenyewe aende akaseme. Kila nikimkumbusha, "Kesho, shemeji." Kesho gani hiyo isiyofika?

Sasa nachuma mimi, inauzwa kwa jina lake.

Jioni nikipita mpakani nasikia majani makavu ya migomba yakikanyagwa nyuma yangu... Nageuka, hakuna mtu! Ni Baba Neema? Akiniuliza shamba nimempa nani, nitamjibu nini?

Wenzangu, hasa akina mama, nawaomba sana. Wakija na simu zao, mwacheni mgonjwa kwa jirani japo kidogo, mkazunguke wenyewe. Mimi sikutaka kumwacha mume wangu hata kwa saa moja... na leo amelala kwenye shamba la mtu mwingine.